Kivu Kaskazini Kwenye Mtihani wa Delhi

Haya jamani asanteni, kaeni kaeni, walio nyuma sogeeni mbele viti vipo. Nimepewa dakika arobaini niongelee kile Wahindi wanachokiita karenti afeazi, yaani habari za sasa kwa ajili ya mitihani yao ya ushindani. Humu ndani kuna wanaoondoka karibuni kwenda kusoma India, mtakaa chumba kimoja na watu wanaojiandaa na mitihani hiyo, na kuna wengine hamuendi popote ila mnashinda kwenye zile vidio za walimu wa Kihindi, maswali mia kwa dakika ishirini, mnajipimia nazo. Wote ni wangu leo. Walionisikia mwaka jana mnajua nitakachosema, nakirudia na nitakirudia mpaka kieleweke.

Nianze na swali lenyewe. Tarehe 28 Mei 2023, Jumapili, UPSC, ile tume yao inayochuja maofisa wakubwa wa serikali, wanadiplomasia na makamanda wa polisi, ilifanya mtihani wa mchujo. Waombaji huwa karibu milioni moja, nafasi kama elfu moja hivi, piga hesabu mwenyewe. Karatasi ya kwanza maswali 100, muda wa saa mbili, maksi 200. Humo ndani kulikuwa na swali la jozi tatu, maeneo yanayotajwa sana kwenye habari na sababu ya kutajwa. Kivu Kaskazini na Ituri, wakaandika vita kati ya Armenia na Azerbaijan. Nagorno-Karabakh, wakaandika uasi wa Msumbiji. Kherson na Zaporizhzhia, wakaandika mgogoro wa Israel na Lebanon. Jozi ngapi ni sahihi? Moja tu, mbili tu, zote tatu, au hakuna hata moja?

Hakuna hata moja. Kivu na Ituri ziko Congo mashariki, Karabakh ndiyo ya Armenia na Azerbaijan, Kherson na Zaporizhzhia ni vita vya Urusi na Ukraine. Mnacheka, kwenu rahisi. Goma ya Kivu Kaskazini na Bunia ya Ituri watu wanaongea Kiswahili hikihiki, ukishuka Goma leo unanunua mkate bila mkalimani. Lakini kijana wa Patna, wa Lucknow, wa Indore, amekaa pale kalamu mkononi jasho linamtoka, Kivu ni mlima, ni mto, ni kabila?

Mimi wakati ule nilikuwa Delhi, nakaa na jamaa wa Bihar, mtu mpole, ana bidii mpaka unamwonea huruma. Alikuwa na daftari kumi na mbili, kila mwezi na daftari lake, wino mwekundu tuzo, kijani mikataba, bluu ajali na vifo, mweusi uteuzi. Nalala anasoma, naamka anasoma. Ukimuuliza nani kapewa tuzo gani, anakujibu hujamaliza kuuliza. Siku ile ya mtihani karudi jioni hakusalimia, kakaa kitandani na karatasi ya maswali mkononi (wanaruhusiwa kutoka nayo), akaniuliza, bhaiya, yaani kaka, hii Kivu iko huko kwenu? Nikamwambia kwa majirani zetu, Congo mashariki. Akanyamaza kidogo halafu akainuka akafungua daftari la Julai 2022. Na ilikuwemo! Kwa mkono wake mwenyewe, wino wa bluu: tarehe 26 Julai, askari wawili wa BSF, kikosi cha kulinda mipaka cha India, wauawa Congo wakiwa kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Basi, imeishia hapo. Hajaandika kwamba wamefia Butembo, hajaandika kwamba Butembo iko Kivu Kaskazini, hajaandika kwamba wananchi walikuwa wanaandamana kuipinga MONUSCO, hao hao walinda amani wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu miaka yote ile ipo na vikundi vya silaha bado vinaua watu, hajaandika India inafanya nini kule wakati ni moja ya nchi zinazotoa walinda amani wengi zaidi duniani. Miezi kumi anatembea na jibu kwenye begi, kalipaka rangi, ila hakuwahi kufungua ramani hata mara moja.

Akabahatisha. Akakosa. Kule ukipata swali unapewa maksi 2, ukikosa unakatwa theluthi, yaani 0.66 inaondoka kwenye zile ulizotolea jasho, makosa matatu yanameza jibu zima. Mwaka ule kiwango cha kuvuka kwa kundi la jumla, wasio na nafasi za upendeleo, kilikuwa 75.41, na tume inahesabu mpaka hizo desimali. Yeye alikosa kwa maksi moja na kitu. Nilimshika bega mtu mzima analia na sikuwa na la kumwambia, na ndiyo maana naliongelea hili kila ninapopewa kipaza sauti.

Sasa mtu ataniambia mwalimu, hilo ni swali moja, bahati mbaya. Sio bahati mbaya. Mwaka kabla yake, 2022, waliweka Cabo Delgado wakaiandikia Hispania, na Cabo Delgado mnaijua, iko Msumbiji, ukivuka Ruvuma umefika. Karatasi ileile ya 2023 waliuliza Chad, Guinea, Mali na Sudan zina nini kinachofanana, na jibu ni mapinduzi ya kijeshi yaliyofanikiwa. Waliweka Tigray ya Ethiopia wakaipeleka Yemen Kaskazini. Angalieni mtindo, hawakuulizi tarehe, hawakuulizi jina la kiongozi, wanakuuliza hili jambo liko wapi na linahusu nini. Mtu aliyekariri orodha anaona majina yote anayafahamu, yote yanang'aa kichwani, kwa hiyo anadhani anajua. Hapo ndipo wanapomkamata. Na 2023 walizidisha, zamani uliweza kupima machaguo, ukijua sentensi moja ni ya uongo unafuta mawili matatu unabaki na jibu, wao wakajaza maswali ya ngapi ni sahihi, moja, mbili, zote, hakuna, kwa hiyo lazima ujue kila kipande. Vyuo vya tuisheni vikalalamika sana. Mimi nikasema afadhali.

Kuna dada pale mbele anatikisa kichwa, najua anachofikiria, kwamba mitihani mingine wanauliza moja kwa moja. Ni kweli, SSC wanaochuja makarani na wakaguzi, hatua ya kwanza maswali 100 kwa dakika 60, na 25 kati ya hayo ni maarifa ya jumla, wale watakuuliza nani kateuliwa, mkutano ulifanyika wapi, na mabenki nao hivyohivyo. Sikatai kukariri. Kukariri kupo, mimi mwenyewe nakariri. Ninachokataa ni habari inayokaa peke yake kichwani bila ndugu. Chukua duma. Tarehe 17 Septemba 2022 India ilipokea duma 8 kutoka Namibia wakawekwa hifadhi ya taifa ya Kuno, Februari iliyofuata wakaja 12 kutoka Afrika Kusini. Ukiishika hivyo tu umeshika namba mbili zitakazochanganyika na namba nyingine elfu. Sasa uliza Kuno iko jimbo gani, Madhya Pradesh. Kwa nini duma waagizwe, kwa sababu India ilitangaza mwaka 1952 kwamba wa kwao wameisha. Walioisha walikuwa aina gani, wa Asia, na wa Asia leo wamebaki nchi gani, Iran tu. Hapo umeshapata maswali manne na hujakariri chochote cha ziada, umefuata uzi tu, na ule uzi haukatiki hata miaka mitatu ikipita.

Au chukua sheria ya viti vya wanawake, hii naipenda. Septemba 2023 bunge lao lilipitisha theluthi moja ya viti vya bunge la chini na mabaraza ya majimbo viwe vya wanawake. Vidio zote zikapiga kelele, muswada wa 128! Vijana wakaandika 128. Halafu ikawa sheria, na ikawa marekebisho ya katiba ya 106. Sasa 128 au 106? Wanagombana usiku kucha kwenye makundi ya simu, huyu anasema mwalimu wangu kasema hivi, yule anasema hivi. Wote wako sawa! Miswada ya kurekebisha katiba inahesabiwa na ile iliyokufa njiani, marekebisho yanahesabiwa yaliyopita tu, kwa hiyo namba ya muswada iko mbele. Ukielewa hilo hutagombana na mtu maisha yako yote. Na kubwa zaidi ambalo wengi hawakuliandika kabisa, kwamba sheria yenyewe inasubiri kwanza sensa halafu mipaka ya majimbo ya uchaguzi igawanywe upya. Mwanamke wa kijijini akikuuliza viti viko wapi, utamjibu nini na namba yako ya 128?

Kuna anayeuliza, na sisi Waswahili inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu sisi tumo kwenye daftari zao! Chuo cha IIT Madras, kimoja cha vile vyuo vyao vikubwa vya teknolojia, kufungua tawi Zanzibar 2023, la kwanza la IIT nje ya India, hilo kila mtahiniwa wa India amelisoma, pamoja na mkurugenzi wake Preeti Aghalayam kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza IIT. Rais Samia kupewa udaktari wa heshima na chuo kikuu cha JNU pale Delhi tarehe 10 Oktoba 2023, mwanamke wa kwanza kupewa na chuo kile, wamelisoma. Umoja wa Afrika kuingizwa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, tarehe 9 Septemba 2023 palepale Delhi, na aliyeitwa kukaa kwenye kiti ni Azali Assoumani wa Komoro, wamelisoma. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ipo kwenye orodha zao za siku muhimu! Mhindi anayeisoma pale anaweza asijue Kiswahili kinaongewa nchi gani, ila tarehe anayo. Mkifika kule mkaulizwa msiishie kujibu ndiyo ni kweli. Kaeni na wenzenu muwaeleze, mfungue ramani pamoja, na wao wawaeleze Manipur iko wapi na Ladakh iko wapi na kwa nini zinatajwa, maana sisi tukienda kule tunaijua Bollywood tu.

Muda naona unanikimbiza. Nilitaka kuongelea riba ya benki kuu, nitasema kwa ufupi, repo reti yao ilikaa 6.5 tangu Februari 2023 mpaka Februari 2025, miaka miwili watu wanaikariri namba isiyosogea badala ya kuuliza ikipanda mkopo wa mkulima unakuwaje. Mtihani wa kuandika na usaili naviacha, siku nyingine.

Hili siliachi. Old Rajinder Nagar, mtaa wa Delhi uliojaa vyuo vya tuisheni za UPSC, tarehe 27 Julai 2024 mvua ilinyesha maji yakaingia maktaba iliyokuwa chini ya ardhi, wanafunzi watatu wakafa. Walikuwa wanasoma. Wazazi wanauza shamba mtoto akakae kwenye chumba kama kabati, alipe ada, alipe maktaba, na anachopewa mara nyingi ni orodha ileile ambayo gazeti la siku na ramani vingempa akiwa nyumbani kwao. Sisemi tuisheni zote ni mbaya, wapo walimu wazuri sana, nimewaona. Nasema mzazi aambiwe ukweli kabla hajauza shamba.

Mtu aliuliza kwenye karatasi, je nisome gazeti lote? Hapana. Wapo wanaokaa na gazeti masaa matatu, wakimaliza hawana nguvu ya kusoma kitu kingine. Weka mtaala wa mtihani pembeni yako uutazame unaposoma, malumbano ya wanasiasa ruka, kriketi ruka, kesi za waigizaji ruka. Bakiza habari tatu nne, kila moja iandikie iko wapi kwenye ramani, chombo gani kinahusika na kinapata wapi mamlaka, na kwa nini imetokea sasa hivi na sio mwaka juzi. Mistari mitano inatosha. Jumapili funika daftari umsimulie mtu, ukikwama hapo ndipo urudi kusoma. Jamaa yangu wa Bihar zile daftari kumi na mbili hakuzitupa, alirudi nazo upya moja moja na atlasi ya shule ya mdogo wake, ile ya Julai ilimchukua wiki nzima.

Haya, pale ukutani nimebandika ramani mbili, ya India na ya Afrika, hazina majina. Kalamu ziko mezani. Wanaoenda Pune na Bangalore anzeni na ya India, wengine njooni mnionyeshe Ituri.