Mji Unaogombea Hauulizi Bei

Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, asanteni.

Nimeombwa nieleze jinsi miji inavyogombea mechi za Kombe la Dunia. Naomba nianze na mji uliokataa.

Machi 2018, Marekani, Canada na Mexico zikiwa mbioni kuomba Kombe la 2026, Chicago ilijitoa. Na si mji mgeni wa mambo haya: mechi ya ufunguzi ya 1994 ilichezwa pale, Soldier Field. Ofisi ya meya ilisema FIFA haikuwapa uhakika hata wa mambo ya msingi, na hasara ingewaangukia walipakodi. Minneapolis nayo ikatoka. Vancouver ya Canada vilevile, serikali ya jimbo lao ilisema haisaini hundi isiyojazwa kiasi.

Tatizo lilikuwa mkataba. Viingilio, haki za matangazo na pesa za wadhamini ni za FIFA. Ulinzi, usafiri na sehemu ya mashabiki kuangalia mpira bure ni juu ya mji. Yaani harusi ifanyike kwako, upike wewe, walinzi uwalipe wewe, halafu bahasha zote aondoke nazo mwenye kadi. Na watu wanasukumana mlangoni wapate kuwa wenye nyumba!

Vancouver ndiyo inanichekesha. Julai 2021 Montreal, mji mwingine wa Canada, ilijitoa baada ya serikali ya jimbo lake, Quebec, kurudisha mkono nyuma. Aprili 2022, nani anabisha hodi? Vancouver ileile. Juni ikatajwa katika miji 16 iliyochaguliwa. Wakati huo gharama ilikadiriwa dola za Canada milioni 240 hadi 260. Mechi watakazopewa zilikuja kujulikana Februari 2024: saba, walipotarajia tano. Kufikia 2025 makadirio yalikuwa milioni 532 hadi 624. Toronto, iliyoanza na milioni 30 hadi 45, ilifika 380 kwa mechi sita.

Sasa tazameni nyasi. Uwanja wa BC Place, Vancouver, kwa kawaida una kapeti, yaani nyasi bandia. Fainali ya Kombe la Dunia la wanawake 2015 ilichezwa juu ya kapeti hapohapo, ingawa wachezaji walikuwa wamelalamika hadi kwenye baraza la haki za binadamu la Ontario, Canada. Hawakusikilizwa. Kwa wanaume, sharti ni nyasi halisi, na wenyeji wakatii. Kwa hiyo nyasi zinawezekana. Inategemea nani anaziomba.

AFCON 2027 inakuja kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda. Arusha, Nairobi na Hoima zimepata miradi ya viwanja vipya, na kila mtu anaulizia idadi ya viti. Mimi ningeomba nioneshwe ukurasa wa ulinzi na usafiri, na sahihi iliyo chini yake ni ya nani.

Karibuni maswali. Kaka wa pale nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipotaja bahasha.