Usiweke Tiki Zote

Asanteni. Najua wengine mmetoka Mbezi alfajiri, mmesimama kwenye mwendokasi njia nzima, na mlichotegemea ni kutajiwa programu nzuri ya kufuatilia wafanyakazi kwenye kompyuta. Sitaitaja hata moja. Zinafanana. Shida iko kwenye ukurasa wa mipangilio, ule ambao hakuna anayeufungua kwa sababu programu ikishawaka mnaona kazi imekwisha.

Wanaonijua wameshaanza kucheka: huyu anakuja tena na hadithi yake ya Kurasini. Ndiyo, nakuja nayo.

Kuna kampuni ya uwakala wa forodha, jina nabaki nalo. Mzee mwenye mali aliniita, akalalamika kwamba bei anazowapangia wateja zinamfikia mshindani kabla barua haijatoka ofisini. Nikafunga programu kwenye kompyuta zake zote, nikamwonesha mipangilio. Hapa inapiga picha ya skrini. Hapa inaandika kila herufi mtu anayobonyeza. Hapa tovuti alizofungua, hapa mafaili yanayohamia kwenye flashi. Nikamuuliza, Mzee, unachohofia hasa ni nini? Bei zinatoka, akasema. Basi tuweke tiki kwenye flashi na viambatisho vya barua pepe, tuishie hapo. Akanitazama kama fundi anayetaka kumpunja. "Kijana, nimelipia zote. Weka zote." Nikaweka. Kosa langu hilo, nalikiri kila mwaka.

Wiki tatu baadaye akaniita nimwoneshe mwizi. Picha ilikuwa inapigwa kila sekunde 10. Toeni simu tupige hesabu: dakika moja picha 6, saa moja 360, siku ya kazi ya saa 8 ni 2,880. Wafanyakazi 30, hizo ni 86,400 kwa siku moja! Nani atazitazama? Mzee alijaribu. Alikaa tangu asubuhi, chai ikapoa, adhuhuri ikamkuta bado yuko Jumatatu ya kwanza ya mtu wa kwanza, binti wa mapokezi. Na alichokipata ni majibu ya vipimo vya hospitali ambayo binti aliyafungua mara moja tu. Sasa Mzee analijua jambo ambalo hata mama mzazi wa yule binti hajaambiwa. Akishalijua, atalirudisha wapi?

Akahamia kwenye herufi. Akafungua faili la mhasibu, akasoma, akanyamaza. Mle ndani palikuwa na neno la siri la akaunti ya benki ya kampuni, na lilikuwa la kwake yeye mwenyewe. Wiki iliyotangulia alikaa kwenye kompyuta ya mhasibu kuidhinisha malipo, na programu haimjui bosi wala karani. Kidole kikigusa kibodi, imeandika. Kwenye ukurasa wa benki neno la siri huonekana vitone vitupu. Kwenye faili lile lilikaa wazi kama tangazo la msiba. Na mwenye ruhusa ya kusoma mafaili yote alikuwa kijana wa chuo aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Mzee akashtuka, akataka kulibadili hapo hapo. Kwenye kompyuta ileile! Nikamshika mkono.

Na mwizi? Saa saba mchana alikuwa akitoka kula kwa mama ntilie, anampigia mshindani kwa simu yake.

Hapa huwa kuna mtu ananyoosha mkono, leo naona ni kaka pale mwenye tai: kompyuta yangu, LUKU nanunua mimi. Sawa, kaka. Na choo cha ofisi nacho ni chako. (Kicheko.) Romania, mwaka 2007, kampuni ilimfukuza mtu wa mauzo baada ya kusoma alichowaandikia mchumba wake na kaka yake kwenye Yahoo Messenger ya kazini. Kanuni ya ofisi ilikataza, kweli. Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, majaji 11 dhidi ya 6, ikasema faragha yake haikulindwa, na moja ya hoja ilikuwa kama aliambiwa mapema kwamba ujumbe wenyewe utasomwa. Mtasema hiyo ni Ulaya. Haya, sisi tuna ibara ya 16 ya Katiba, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kusanya kwa sababu inayojulikana, usizidishe. Majibu ya hospitali ya binti wa mapokezi yanahusiana vipi na bei za kontena?

Muda unanikimbia. Nilikuwa na la programu kuhesabu uzembe kwa kutazama kipanya, ambapo anayesoma mchoro kwenye karatasi anaonekana amelala na anayetikisa kipanya bure anaonekana hodari, tuliache. Kwenye mipangilio yenu, picha ziwe na ukungu maandishi yasisomeke, kurasa za benki na barua pepe binafsi zisirekodiwe, picha zifutwe zenyewe baada ya siku 30. Herufi za kibodi toa tiki, sitaki mjadala.

Mama pale nyuma anauliza kuhusu laptopu wanazokwenda nazo nyumbani. Swali zuri. Weka saa za kurekodi, kisha hakikisha ni saa za nani. Ofisi moja iliandika 8 hadi 17, yaani saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, lakini seva, kompyuta kuu inayoendesha programu, ilikuwa inafuata saa za kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu. Programu ikawa inaamka saa tano asubuhi, watu wameshapiga kazi saa tatu nzima, na inaendelea kupiga picha mpaka saa mbili usiku, mtu yuko nyumbani anamsaidia mtoto hesabu. Miezi miwili hakuna aliyegundua. Mwenye laptopu hapa aifungue sasa hivi, tuangalie saa kabla chakula hakijaletwa.