Kitalu nyumba cha mbao za mtumbwi na chandarua kilichochanika

Mwangaluka! Ahsanteni. Akina mama wa mbele, sogeeni kidogo kushoto ili wa nyuma wauone huu ubao.

Kabla ya nyundo na misumari, tukubaliane kitalu nyumba, yaani banda la kukuzia nyanya, ni cha nini hapa Mwanza. Uholanzi wanajenga vya kioo kwa sababu ya baridi. Jua likiingia, joto linabaki ndani. Sisi tuko jirani na ikweta, mchana nyuzi 28 ni jambo la kawaida. Joto tunalo la kutosha na kubaki. Kinachotumalizia nyanya ni mvua na wadudu: masika majani yanashinda na maji, ugonjwa wa bakajani unaingia, kiangazi anakuja kantangaze, nondo mdogo anayeharibu nyanya. Kwa hiyo sisi tunahitaji paa la kuzuia mvua na kuta za wavu, basi. Mtu akijifungia sanduku la nailoni pande zote nne, saa saba mchana humo ndani joto linavuka nyuzi 35, na maua yanapukutika bila kushika tunda. Halafu analaumu mbegu.

Tuje kwenye fremu. Mtumbwi ukichoka, mara nyingi zinazooza ni ncha za mbao, katikati kuzima. Chukua bisibisi, ikandamize ubavuni mwa ubao. Ikizama kirahisi, hizo ni kuni. Ikigoma, kata ncha, ng'oa misumari yote, tayari una nguzo.

Kusimamisha nguzo ndiyo kazi. Ninyi wa Mabatini na Igogo mnajua: unachimba kidogo tu, jembe linalia kwenye jiwe. Usipigane nalo. Jaza viroba mawe, vipange kuzunguka shina la nguzo, ukaze kwa kamba ya nyavu. Na kamba nyingine zitoke juu ya paa zishuke hadi kwenye viroba vya nje, maana upepo wa ziwa ukiingia chini ya ile nailoni unaigeuza tanga, na tanga kazi yake mnaijua. Upande mrefu wa kitalu uukabili huo upepo ili upite wavuni na kutokea ng'ambo. Kileleni acha uwazi wa kama futi moja, paa moja lipande juu ya jingine, hewa ya moto ipate pa kutokea. Uwazi huo nao uwekee wavu.

Nailoni ya paa, hapo msibane hela. Ile ya kawaida inapigwa na jua miezi michache, inachanika kama karatasi. Nunua iliyotiwa kinga ya jua. Kwangu mimi hicho ndicho kitu pekee cha lazima kiwe kipya.

Sasa wavu, na hapa wengi wanajidanganya. Wavu wa dagaa wenye tundu la milimita 8 unazuia kuku na ndege. Kantangaze mzima, yule nondo, hazidi milimita 7 kwa urefu. Anapita humo bila taabu. Unataka tundu lisilozidi milimita moja na nusu, na chandarua kinakaribia hapo. Lakini nasema chandarua kilichochakaa, ukashona matundu yake. Kizima kalalie, malaria bado ipo. Na tafadhali, msikifulie ziwani! Dawa yake inaua samaki. Kifue kwenye beseni, maji uyamwage kwenye shimo mbali na ziwa na kisima. Inzi weupe, wanaoleta ugonjwa wa kujikunja majani, bado watapenya. Hao wanataka wavu wake maalumu wa dukani.

Maji: mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita 4 kwa 6 ni lita 240, zaidi ya pipa moja. Weka mfereji ukingoni mwa paa. Pipa lililobeba dawa ya shamba usiliguse, hata likiuzwa bei ya kutupa.

Kuna ugonjwa ambao paa haliuzuii: mnyauko bakteria, unakaa udongoni. Mche ukinyauka ghafla ungali kijani, kata kipande cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Kikitoa uzi mweupe kama maziwa, ndio wenyewe. Hapo usirudishie nyanya, bilinganya wala hoho. Ndiyo maana napenda fremu ya kufunga kwa kamba: unaifungua, unaihamishia kwingine.

Na maua yakitoka, kila siku kama saa nne asubuhi zigongegonge kamba zilizoshikilia miche. Ndani hakuna upepo wa kutosha kutikisa chavua.

Nimeulizwa hapa kuhusu mchicha. Mama, kwa mchicha usijenge. Hizo hela za nailoni nunua mbolea.