Mbwa Anaharisha: Ninavyomhudumia Tomi Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Habari zenu, karibuni tena nyumbani. Leo tuko uani kwa sababu mgonjwa wetu amelala hapa chini ya mwembe. Huyu ndiye Tomi, ana miaka 4, na tumbo limekuwa likimsumbua tangu utotoni. Wapo mbwa wanaokula chochote na kesho yake wanarukaruka. Tomi ukimbadilishia chakula kidogo tu, anaharisha. Tangu jana jioni ameenda haja mara 4, choo laini, hakina damu.

Nimeamua kurekodi kila ninachomfanyia, maana najua nyumba nyingi mbwa akiharisha husemwa "huyo atapona mwenyewe", na nyumba nyingine anapewa vidonge vya watu. Tafadhali sana, panado, diclofenac na ibuprofen zilizo kabatini kwako zikae hukohuko. Dawa hizo zinaweza kumharibu mbwa ini, figo na tumbo lenyewe, na anaweza kufa.

Kabla hujagusa sufuria, mkague. Sogeeni muone. Namnyanyua mdomo wa juu hivi, taratibu. Ufizi wake ni wa waridi, una unyevu, kidole kinateleza. Sasa nabonyeza kwa kidole gumba, naachia. Mmeona? Pamekuwa peupe, halafu rangi imerudi. Isizidi sekunde 2. Ukiukuta ufizi mkavu, unanata, au rangi inachelewa kurudi, mbwa wako amepungukiwa maji mwilini. Ukiukuta mweupe kabla hata hujabonyeza, huenda damu imepungua, na minyoo ya safura ni moja ya sababu zake. Halafu nashika ngozi ya hapa begani, naivuta juu, naiachia. Ya Tomi imerudi mara moja. Ikibaki imesimama kama pindo la kanga, hiyo ni hatari.

Naomba niseme jambo hapa. Nimemfungua Tomi mdomo kwa sababu ana chanjo ya kichaa cha mbwa na namjua. Mbwa anayetiririka mate, anayeshindwa kumeza, au aliyebadilika tabia ghafla, usimtie mkono mdomoni hata kama umemlea mwenyewe. Mtenge na watu, kisha mwite mtaalamu wa mifugo.

Na wapo ambao hawangoji video hii iishe. Choo chenye damu, kutapika mpaka maji ya kunywa, tumbo lililojaa na kukaza, mbwa aliyekula sumu ya panya: hao ni wa daktari sasa hivi. Kwa uchungu zaidi nawataja watoto wa mbwa ambao hawajamaliza chanjo. Mtoto akiacha kula, akatapika, kisha akaharisha damu yenye harufu kali isiyo ya kawaida, fikiria parvo. Kirusi hicho humaliza mtoto wa mbwa kwa siku chache, na wali wa nyumbani hauutibu ugonjwa huo. Anahitaji dripu. Chanjo yake huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Wengi huchoma ya kwanza tu wakasahau zilizobaki.

Haya, Tomi hayumo humo, kwa hiyo tunaendelea.

Jana jioni alikula. Asubuhi hii simpi chakula, utumbo upumzike, atakula mchana. Hii ni kwa mbwa mkubwa mwenye afya. Mtoto wa mbwa usimnyime chakula, anaishiwa nguvu haraka. Maji lakini hayakatwi kwa yeyote. Nimemwekea bakuli safi kivulini, na nayabadilisha kila nikipita.

Kwa kuwa choo chake kina majimaji, namtengenezea na haya ya pembeni. Lita 1 ya maji yaliyochemka yakapoa. Sukari vijiko vya chai 6, kila kijiko nakisawazisha kwa kisu hivi, kisiwe na kichuguu. Chumvi nusu kijiko cha chai, isizidi. Nakoroga mpaka sukari iyeyuke yote. Nammiminia kidogo kidogo, anywe mwenyewe, akikataa simlazimishi. Yakifika kesho muda kama huu, yaliyobaki namwaga.

Twende jikoni. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipowahi kumuumiza mwenyewe. Kulikuwa na shughuli mtaani, nikaletewa makombo ya pilau, nikaona nimfurahishe. Mafuta, mifupa ya kuku, vitunguu, vyote kwenye bakuli lake. Usiku ule hatukulala, si yeye wala mimi. Ndipo nilipojifunza kwamba kitunguu maji na kitunguu swaumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, kibichi au kilichopikwa. Na mfupa uliopikwa ukivunjika hutoa ncha kama sindano. Tangu siku hiyo Tomi ana sufuria yake.

Nina kikombe 1 cha mchele, naosha, natia maji mengi kuliko ninayotia kwa wali wetu. Nataka uive mpaka uwe teketeke, punje ipondeke kwa vidole. Sitii nazi, mafuta wala chumvi. Huku pembeni ni kidari cha kuku. Nimetoa ngozi, na haya mafuta ya manjano nayakwangua yote. Nachemsha kwa maji matupu. Kikiiva nakichambua hivi, nyuzi nyuzi, huku vidole vikitafuta kifupa kilichojificha. Huwa nakipata kimoja. Hiki hapa, mmekiona kilivyo kidogo?

Nachanganya wali sehemu 2, nyama sehemu 1. Kama una boga, chemsha kipande, ponda, mtilie vijiko 2 vya chakula. Linasaidia choo kushikamana. Maziwa msimpe, hata kama mama mkwe anashauri. Mbwa wengi wakubwa hawamudu sukari ya maziwa, na maziwa yenyewe yatamwendesha.

Kiasi, sasa. Tomi ana kilo 20. Najuaje? Napanda kwenye mizani peke yangu, kilo 64. Namnyanyua, napanda naye, kilo 84. Natoa. Kwa uzito huo nampa kikombe 1 kwa mlo, mara 4 kwa siku. Njaa ataionyesha, atakutazama kwa macho yale, lakini ukimjazia bakuli kwa mara moja, tumbo litarudi kulekule.

Choo chake naokota kwa mfuko wa plastiki mkononi, kisha nageuza mfuko. Watoto wanacheza uani, na mayai ya minyoo ya mbwa yakiingia mdomoni mwao yanawaumiza. Cha leo asubuhi nimeweka kidogo kwenye kikopo chenye kifuniko, nimeandika saa. Kwa daktari, kikopo hiki kina maana kuliko maelezo yangu yote, maana anakiweka chini ya hadubini akaona mayai. Lakini kiwe kibichi. Cha juzi hakifai. Tomi hupata dawa ya minyoo kila miezi 3 kwa uzito wake, na bado simwachii daktari akisie.

Nampa siku 2. Kama bado anaharisha, au amelegea kabla ya hapo, tunakwenda kliniki na kikopo chetu. Choo kikishika, siku 2 zaidi anabaki na wali, ndipo ugali wake wa dona na dagaa unaanza kurudi: robo ugali na robo tatu wali, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu ugali, mpaka wiki inaisha. Dagaa naosha maji matatu, mchanga utoke wote.

Wali umepoa, nimeujaribu kwa mkono. Tomi! Njoo baba. Anakuja, mkia unatikisika kidogo. Ananusa... anakula. Sasa hivi ni saa 7 mchana, naandika kwenye daftari langu hapa ukutani: kikombe 1, amekimaliza, hajatapika. Saa 11 namrudia na cha pili.