Nyota ya shanga na waya ya kutundika, hatua kwa hatua

Haya karibuni sana, leo tunatengeneza nyota ya shanga, hii hapa mnayoiona, ina ncha tano, ya kutundika kwenye mti wa Krismasi au dirishani, na ukitengeneza mbili ukaweka ndoano unapata hereni kabisa. Yote ni waya moja tu mwanzo mpaka mwisho, hamna gundi hamna sindano.

Vifaa kwanza. Shanga za kioo namba 8, hizi zina kama milimita 3. Dukani msichanganyikiwe, namba ikiwa kubwa shanga inakuwa ndogo, namba 11 ni kama milimita 2, nzuri ila kwa anayeanza zinatesa vidole. Utahitaji nyeupe 10, nyekundu 30 na njano 5, lakini chukua za ziada maana nyingine tundu limeziba na nyingine nyembamba upande mmoja. Za Japani huwa ziko saizi moja, za bei chee lazima ukae uchague. Na kabla hujanunua nyingi lowesha kitambaa cheupe uifikiche shanga mojamoja, ikiacha rangi kwenye kitambaa achana nayo.

Waya: ya kopa, unene milimita 0.3, urefu sentimita 60. Mimi nachukua kwa fundi wa kusuka mota, wanabakiwa na vipande ambavyo kwao ni takataka, kwetu sisi ni mali, na ile vanishi yake ya kahawia inaenda vizuri sana na nyekundu. Waya ya chuma hapana jamani, inajirudi kama springi, na mshipi wa kuvulia samaki nao hausimami, nyota inalegea. Kata kwa nelikata inatosha, ila unapokata shika ile ncha inayodondoka, isirukie jicho.

Tuanze. Ingiza shanga nyeupe zote 10, zisogeze mpaka ubaki na mkia wa kama sentimita 10 upande mmoja. Mkia huu hatuugusi mpaka mwisho. Sasa chukua upande mrefu, uingize tena kwenye shanga ya kwanza kabisa, ile iliyo karibu na mkia, ukitokea upande wa mkia, vuta, umepata duara. Lisiwe limebana sana, shanga zikianza kupandiana legeza kidogo.

Sasa ncha. Waya yako imetokea baada ya shanga ya kwanza, si ndiyo? Ingiza nyekundu 3, njano 1, nyekundu 3. Halafu rudi kwenye duara, ruka shanga moja nyeupe, ingia kwenye inayofuata, yaani ya tatu, kwa kuendelea mbele usirudi nyuma. Vuta polepole. Inatokea kama upinde hivi, bado haijafanana na nyota, usijali.

Hapa nasogeza kamera karibu maana hapa ndio watu wengi wanaharibu. Mnaona waya inavyojizungusha ikafanya kakitanzi? Ukiona hivyo ACHA kuvuta. Weka ncha ya kalamu ndani ya kitanzi, kifungue mpaka kiwe kipana, ndio uendelee. Ukivuta kwa nguvu kinageuka kona kali, unanyoosha kinajikunja tena palepale, kopa ikikunjwa hivyo mara kadhaa inakakamaa halafu inakatika, na ikikukatikia kwenye ncha ya nne unafumua yote unaanza upya. Kwa hiyo waya isipite haraka, iongoze na kidole gumba mpaka iishe yote.

Haya rudia, nyekundu 3, njano, nyekundu 3, ruka nyeupe moja, ingia inayofuata. Ya tano, ya saba, ya tisa, na ncha ya mwisho inaingia kwenye ile ya kwanza tuliyoanzia. Kama imekuingilia kwengine basi kuna mahali umeruka mbili au hujaruka, hesabu.

Sasa raundi ya pili, hii mimi naipenda kuliko zote kwa sababu ndio inaleta nyota. Waya iko chini ya ncha ya kwanza. Pandisha kwenye nyekundu 3, ukifika kwenye njano USIINGIE, ipite kwa nyuma yake, ingia moja kwa moja kwenye nyekundu 3 za upande wa pili ushuke. Vuta huku umebana njano na vidole. Mnaona? Zile nyekundu zinasogeleana juu na njano inasukumwa nje inachongoka yenyewe. Ingia kwenye nyeupe inayofuata, nenda ncha ya pili, hivyohivyo zote tano. Kama waya inagoma kupita zungusha shanga kidogo kwa kucha, usilazimishe na plaizi, kioo kitapasuka na shanga iliyopasuka katikati ya kazi haina namna ya kubadilisha.

Ukishuka ncha ya tano usiingie tena kwenye shanga ya kwanza, mkia wako uko hapohapo. Sokota waya mbili pamoja mara tatu nne, kata ubakize milimita 3 hivi, kisha pinda kile kipande ukifiche nyuma ya nyeupe. Pitisha kidole, kikikwaruza bado, kipinde zaidi, hasa kama ni ya hereni au nyumba ina watoto.

Kutundika, pitisha uzi kwenye njano mojawapo, ile ina nafasi maana waya imepita mara moja tu.

Wanaotaka kubwa, ongeza nyekundu ziwe 4 kila upande na waya iwe sentimita 80. Na ukitaka ncha sita anza na nyeupe 12, ncha saba 14, ilimradi duara ligawanyike kwa mbili, ukianza na 11 utafika mwisho utakuta ncha haina pa kuingia.