Samaki Wakipungua, Nani Hulipa?

Tukitaja samaki kupungua, sote tunamtazama mvuvi. Leo niruhusuni nianze na mama karanga, yule anayengoja bandarini na karai lake mpaka chombo kishuke, anunue wadogo wasiotakiwa na tajiri, awakaange, jioni awauze mtaani.

Hesabu ya chombo mnaijua. Dau na nyavu mara nyingi ni mali ya tajiri. Samaki wakiuzwa, hutolewa kwanza fungu la chombo, mabaharia wakagawana kilichobaki. Na tajiri huyo huyo ndiye mnunuzi: kusi ilipochafua bahari alimkopesha mvuvi, basi bei anaipanga yeye. Kwa hivyo samaki wakiadimika na bei ikapanda mjini, msidhani mvuvi ananeemeka. Yeye anakwenda mbali zaidi, anarudi na tafi wachache, na deni liko pale pale.

Mwaka 2001 serikali ya Kenya ilipiga marufuku juya, ule wavu mrefu unaovutwa na watu wengi. Sababu ni ya haki kabisa: juya hukokotwa chini, huvunja matumbawe, huzoa changu na tafi kabla hawajazaa. Lakini kijana asiye na chombo wala mtaji hula kwa kuvuta juya, na mama karanga naye huwategemea samaki wake wadogo. Ndiyo maana, naona mimi, amri ile ilipokewa shingo upande na hadi leo juya halijaisha.

Mtafiti Tim McClanahan, aliyeichunguza pwani yetu tangu miaka ya 1980, alionyesha mwaka 2010 kwamba penye hifadhi jirani isiyovuliwa na pasipo juya, pato la mvuvi kwa siku ni kubwa zaidi, kwani samaki mkubwa ana bei nzuri kwa kilo. Hesabu hiyo naikubali. Ila pato la mvuvi si pato la bandari nzima. Changu wa kilo mbili huenda hotelini. Mama karanga atamnunua kwa mtaji gani?

Kule Kuruwitu, Kilifi, wanakijiji walifunga sehemu ya bahari yao isivuliwe mwaka 2005, kwa hiari yao. Nawaunga mkono wanaotaka kuiga. Ombi langu kwa viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe, ni moja: mkutano wa kufunga eneo usiitishwe saa ya vyombo kushuka, wala saa ya kukaanga. Uitisheni Ijumaa baada ya sala, siku ambayo wavuvi wengi hawaendi baharini, na swali la mtaji wa kina mama liwe la kwanza.