Kabureta ya mipigo miwili: pima injini kwanza, ndipo ugeuze skrubu

Ndugu mafundi, na ninyi waendeshaji mnaojitengenezea mashine wenyewe, asanteni kwa kuja. Leo tunazungumzia kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, kwenye pikipiki ya magurudumu manne yenye injini ya mipigo miwili ambayo imeshaguswa: ekzosi imebadilishwa, kifuniko cha boksi la hewa kimetolewa, pengine hata matundu ya silinda yamepanuliwa. Nitaitumia sana Yamaha Banshee kama mfano, ile ya silinda mbili na cc 347, kwa sababu wengi wenu mnaijua.

Banshee ikitoka kiwandani huwa na kabureta mbili za kampuni ya Mikuni za milimita 26, jeti kubwa namba 200 na jeti ndogo namba 25. Jeti ni kile kipande chenye tundu linalopima petroli inayopita. Namba hizo zilipangwa kwa hewa inayopitia boksi lililofungwa na kutokea kwenye ekzosi ya asili. Ukishaifungulia hewa njia, ya kuingia na ya kutoka, hazitoshi tena. Mashine itachangamka, utafurahi, kumbe inaelekea kunoki.

Injini hii haina oili yake pembeni ya kulainisha pistoni na beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Oili inakuja ndani ya petroli. Kwa hiyo mchanganyiko ukiwa mwepesi, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: joto linapanda, na oili inapungua palepale inapohitajika zaidi. Pistoni inavimba, inashika ukuta wa silinda, kazi imekwisha. Mchanganyiko ukiwa mzito utapata moshi, plagi iliyolowa na nguvu pungufu. Hasara yake ni plagi. Ndiyo maana tunaanza upande mzito na kushuka taratibu, kamwe si kinyume chake.

Lakini kabla hujaigusa kabureta, hakikisha injini haivuji hewa. Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima, wakibadilisha jeti juu ya jeti kutibu ugonjwa usio wa kabureta. Dalili iliyo wazi ni hii: unaachia mafuta na injini haitulii, inabaki inalia juu kwa sekunde kadhaa. Au leo imetulia vizuri, kesho haitulii, na hakuna mtu aliyeigusa.

Kipimo chake ni rahisi. Toa ekzosi, ziba matundu ya kutolea moshi kwa kipande cha mpira kilichobanwa na bamba. Toa kabureta, ziba mipira yake kwa vizibo, kimoja kikiwa na kipitishio cha hewa. Unganisha pampu ndogo ya mkono yenye geji, jaza hadi psi 6 (psi ni kipimo cha shinikizo), kisha tulia dakika 6. Usijaze sana ukidhani ndiyo uhakika zaidi, utazisukuma sili, zile pete za mpira zinazoziba hewa kwenye ncha za krenki, zitoke mahali pake. Geji ikikaa palepale, vizuri. Ikishuka zaidi ya psi 1 kwa dakika, kuna tundu.

Litafute kwa maji ya sabuni. Pulizia chini ya silinda, kwenye hedi, kwenye mipira ya kabureta na pale inapokutana na boksi la ridi, yaani vali za kuingizia hewa. Banshee ina kibomba kinachounganisha mipira ya kabureta mbili, kiangalie kwa makini kwa sababu hukauka na kupasuka. Halafu toa kifuniko cha sumaku, pulizia nyuma ya sumaku, ilipo sili ya krenki. Usipoona povu popote na geji bado inashuka, fungua kifuniko cha kujazia oili ya gia na usikilize. Ukisikia hewa inapumua humo, sili ya upande wa klachi imekwisha.

Sili hizi mbili zina tabia tofauti. Ya upande wa sumaku ikifa, injini inanyonya hewa na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ya upande wa klachi ikifa, injini inanyonya oili ya gia: moshi mweupe mzito, plagi imelowa, oili ya gia inapungua bila kudondoka chini. Fundi akiiona hiyo plagi anasema mchanganyiko ni mzito, anapunguza jeti, na hapo anaiua injini.

Injini ikithibitika haivuji hewa, fuata njia ya petroli. Chomoa mpira kwenye kabureta, fungua koki: petroli itoke mfululizo, isikatike. Ikianza vizuri kisha ikafifia, kagua tundu la kupumulia kwenye kifuniko cha tangi. Kisha fungua bakuli la petroli la chini ya kabureta. Petroli ikimwagika kwenye mpira wa ziada, floti, yaani boya la ndani ya bakuli, imetoboka au kisindano chake kina uchafu au kimelika. Kimo cha floti kipimwe kwa rula kulingana na kitabu cha kabureta yenyewe, kwa sababu kikikosewa kinaharibu vipimo vyote vinavyofuata. Jeti ndogo ina tundu lisilofika nusu milimita; isafishe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Waya wa chuma unakwangua tundu, na ile namba iliyoandikwa pale haina maana tena.

Kwa wenye kabureta mbili: toa filta, chungulia ndani, bonyeza mafuta polepole. Silaidi, vile vipande vinavyopanda kufungua njia ya hewa, zote mbili zianze kupanda kwa wakati mmoja. Moja ikitangulia hata kwa nywele, silinda moja inabeba kazi ya mwenzake. Weka biti nyembamba ya drili chini ya kila silaidi, rekebisha waya mpaka zote mbili zizibane sawa.

Sasa tuje kwenye jeti. Bandika utepe karibu na kibonyezo cha mafuta, uweke alama za robo, nusu, robo tatu na mwisho. Bila alama hizo utabishana na hisia zako. Kuanzia kufungwa hadi sehemu ya nane, jeti ndogo na skrubu ya hewa ndizo zinazotawala. Hadi robo, mkato ulio chini ya silaidi. Robo hadi robo tatu ni sindano inayoning'inia kwenye silaidi. Kuanzia hapo hadi mwisho ni jeti kubwa.

Mimi naanza na jeti kubwa kwa sababu ndiyo inayovunja injini. Banshee yenye ekzosi za kubadilisha na filta wazi, anza na 300 au zaidi. Ukibonyeza hadi mwisho, injini inatakiwa ibubujike, sauti nzito ya kukatakata. Isipobubujika, panda. Ikibubujika, shuka hatua moja moja mpaka sauti isafike hadi juu, kisha simama hapo upime plagi. Na tahadhari: namba za jeti za Mikuni na za Keihin, kampuni nyingine ya kabureta, hazilingani. Jeti ya 150 ya huku si 150 ya kule.

Kupima plagi: injini iwe imepata moto. Funga plagi mpya, ingia gia ya tatu au ya nne mahali palipo wazi na salama, bonyeza hadi mwisho kwa sekunde chache, kisha kata moto na ubane klachi kwa pamoja. Usiiache itulie, usirudi ukiendesha. Toa plagi. Rangi ya ncha isikushughulishe sana. Unachotafuta ni pete ya moshi ndani kabisa, kaure nyeupe inapozama kwenye chuma. Tumia tochi na lenzi, au kata nyuzi za plagi. Pete nyembamba ya kahawia ni nzuri. Ikiwa pana na nyeusi, jeti ni kubwa. Kaure ikiwa nyeupe tupu, ongeza jeti kabla hujawasha tena. Ukiona vichembe vinavyong'aa kama fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Usiwashe mashine tena, kagua taimingi, kompresheni na ubora wa petroli, kwani jeti peke yake huenda isiwe na hatia.

Jeti ndogo ni kazi ya bisibisi. Funga skrubu ya hewa taratibu mpaka ikae, fungua mzunguko mmoja na nusu, washa injini, ipate moto. Igeuze mpaka injini izunguke kwa kasi zaidi ikiwa imetulia. Ikipendeza chini ya mzunguko mmoja, jeti ni ndogo. Ikihitaji zaidi ya miwili na nusu, ni kubwa. Skrubu iliyo upande wa filta hupitisha hewa, kwa hiyo kuifungua ni kupunguza uzito. Ikiwa upande wa injini, hupitisha petroli, na mambo yote yanageuka.

Sindano iwe ya mwisho. Kushusha klipu inayoishika nafasi moja kunainua sindano na kuongeza petroli. Ukisita kujua kama mashine inakwama kwa uzito au wepesi, vuta choki kidogo ili petroli iongezeke: ikipata nafuu ilikuwa nyepesi, ikizidi kuumwa ilikuwa nzito.

Jambo la oili huwachanganya wengi. Kwa uwiano wa 32 kwa 1, lita moja ya petroli inapata mililita 31 za oili, lita tano mililita 156. Ukiongeza oili bila kubadili jeti, petroli inayopita kwenye tundu lilelile inapungua, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Chagua uwiano mmoja kabla ya kuanza kupima, ubaki nao.

Hali ya hewa nayo inahesabika. Baridi hufanya hewa nzito, panda jeti. Ukipanda mlima hewa inapungua, shuka. Na ukiteremka kutoka juu, badilisha jeti ukiwa bado huko, kabla ya kuwasha kwa safari ya chini.